Keki ya Tabaka Tatu Katika Chumba cha Upasuaji

Jumatatu, 4 Novemba

Iandikwe wazi, watu wasije wakadanganywa baadaye: nusu ya upasuaji wote wa huku kwetu Jutland unanitegemea mimi, Torkild Overgaard, mtu wa machinjio. Nusu nyingine wanajua wenyewe wanavyojifanyia.

Ushahidi huu hapa. Mpwa wangu Tyra, binti wa dada yangu Birthe, anasomea udaktari. Sasa yuko kwenye zamu ya mafunzo ya upasuaji na analala kwangu, maana kutoka hapa hadi hospitali ni kukanyaga baiskeli kidogo tu. Makongoro ya nguruwe anayojifunzia kushona nayaleta mimi. Ngozi ya nguruwe na ngozi ya mtu ni ndugu wa tumbo moja. Sasa mwalimu ni nani?

Leo karudi na alama ya barakoa puani, uso umeshuka. Nikamuuliza ameshashona wangapi. Hata mmoja, Mjomba. Wiki tatu! Kazi yake ni kushika chuma cha kupanulia kidonda, kasimama nyuma ya wakubwa. Tumbo la mgonjwa halioni. Anaona makwapa. Akijikuna pua anafukuzwa akanawe upya mpaka viwikoni.

Na kabla ya Ijumaa kwisha, Daktari Hvass, mkuu wao, lazima amwone akishona ngozi ya mtu, angalau mara moja. Asipomwona, zamu yote inarudiwa mwakani. Tyra kasema harudii. Ataacha udaktari kabisa.

Aache! Ukoo wetu haujawahi kutoa daktari. Umenitoa mimi tu.

Nikamsimulia nilivyomshona dume la nguruwe kwa mshipi wa kuvulia, katikati ya dhoruba, dume limesimama. Likaishi miaka kumi na minane na kila tukikutana lilikuwa linanisalimia. Tyra akacheka. Kisha usingizi ukamchukua pale pale mezani, shavu karibu na kongoro, sindano ingali mkononi. Nikaichomoa polepole. Nikamfunika koti langu. Kongoro nikalirudisha kwenye friji.

Anashona vizuri kuliko mimi. Hili lisitoke nje ya kurasa hizi.

Jumanne, 5 Novemba

Nimemfungia mkate mweusi na ini la kusaga, matango ya siki juu. Vita haviendewi na njaa.

Nimemjua adui. Anaitwa Malthe, mwanafunzi mwenzake. Mrefu kama mlingoti wa bendera. Baba daktari, babu daktari, nadhani hata mbwa wao ana cheti. Leo Malthe kapewa ashone. Mgonjwa mzima wa ngiri! Tyra alikuwa hapo hapo, na chuma chake mkononi. Nikamuuliza kwa nini hakusema na mimi naomba. Akasema sauti ilimkwama. Eti Daktari Hvass akikutazama unasahau hata jina ulilopewa na mama yako.

Nikamwambia mtaka cha mvunguni sharti ainame. Akasema: "Mjomba, nimeinama wiki tatu. Mgongo unaniuma."

Hakuna heshima siku hizi.

Nimefikiri vikombe vinne vya kahawa. Nimepata! Watu hawapewi sindano kwa sababu wanajua. Wanapewa kwa sababu wanapendwa. Na katika nchi hii njia ya kupendwa kazini ni moja tu. Siiandiki, isije ikaibiwa.

Jumatano, 6 Novemba

Keki! Tabaka tatu, krimu, marzipani, vibendera vyekundu vimezunguka pande zote kama siku ya kuzaliwa ya mfalme. Juu mwokaji kaandika kwa sukari: KUTOKA KWA TYRA, KWA UPENDO. Imefikishwa asubuhi chumba cha mapumziko cha watu wa upasuaji. Nimekaa karibu na simu. Leo ni leo.

Jumatano hiyo hiyo, jioni

Msiba.

Sisi machinjioni, aliyeharibu kazi analeta bia. Hilo mtoto mchanga analijua. Ukiangusha nusu nguruwe, bia. Ukimfungia msimamizi kwenye chumba cha barafu, bia nyingi. Keki ni ya furaha tu. Lakini chumba cha upasuaji bia haiingii! Basi wao aliyeharibu analeta keki. Na keki inapimwa kwa kosa. Aliyechelewa, andazi la mdalasini. Aliyeangusha mkasi, keki ndogo ya kahawa. Keki ya tabaka tatu yenye vibendera haijawahi kuonekana tangu jengo lijengwe.

Wa kwanza kuiona alikuwa Jytte, muuguzi mkuu. Akaweka kikombe chini. Akauliza: huyu mtoto kafanya nini? Hakuna aliyejua. Hapo ndipo wakaogopa.

Shashi zote za jana, vile vitambaa vya kufyonzea damu, zikahesabiwa upya. Mikasi ikahesabiwa. Daktari Hvass akaamuru kila mgonjwa wa Jumanne akaguliwe. Mkulima mmoja mzee kaamshwa na kufunuliwa shuka ili wahakikishe walimkata upande wenye ugonjwa. Tyra akaitwa. Wakamwambia sema tu mwanetu, hatukasiriki. Aseme nini, maskini? Akabaki kulikodolea macho jina lake la sukari. Na yule Malthe, mbele ya watu wote: "Tabaka tatu! Tyra, umesahau nini kwenye tumbo la nani?"

Karudi nyumbani kakaa kwenye kibao cha viatu, koti bado mwilini, akanisimulia yote hayo. Nikakohoa. Nikasema huenda mimi nahusika kwa mbali. Angenigombeza ningevumilia. Akasema kwa upole: "Najua, Mjomba. Nani mwingine?"

Kisha akasema Ijumaa anafunga mizigo.

Nikapiga goti nikamvua viatu. Mimi!

Alhamisi, 7 Novemba

Nimekwenda mwenyewe. Nimevaa suti niliyovaa siku ya kipaimara cha Tyra, ile ya kijivu. Kifungo hakifungi tena.

Daktari Hvass nimemkuta kwenye korido, anakula mkate wake kwa kusimama. Mfupi! Nilitegemea jitu. Mitalawanda myeupe ya mbao miguuni. Nilikuwa na hotuba ya kutosha bunge zima, yenye mifano ya nguruwe. Akanitazama. Hotuba yote ikayeyuka. Nikasema tu keki ni yangu, mtoto hajui lolote, mtoto hana kosa, anashona kama malaika ila sauti inamkwama mbele yako, na mbele yako, samahani daktari, nani haimkwami.

Akatafuna mpaka akamaliza. Akauliza kama ni kweli shashi za siku nzima zimehesabiwa mara mbili kwa sababu ya mjomba wa mtu. Nikasema ni kweli. Basi, akasema, mjomba ndiye mkosaji, na mkosaji alete keki. Ya mkono wake, ya dukani hapana. Kesho asubuhi.

Akaondoka ko, ko, ko.

Kumhusu Tyra hakusema hata neno. Nikamfuata nikamuuliza. Akasema kwa mgongo: kesho ni Ijumaa, siku haijaisha.

Jioni naoka. Ugumu uko wapi? Niliwahi kuokea meli nzima ya Wafaroe, mabaharia wa visiwani, na nahodha alilia.

Ijumaa, 8 Novemba

Ushindi! Kila kitu kimekwenda kama nilivyopanga!

Mpango wenyewe: kopo la pichi za keki, mfuniko wa bati ukateleza, kiganja cha kushoto kikachanika. Nimeendesha baiskeli kwa mkono mmoja, keki kwenye kikapu cha mbele, mkono mwingine umefungwa taulo ya jikoni. Keki ilikuwa imebonyea katikati kama kiti cha mtu mnene. Jytte aliipokea, akasema afadhali hii, hii inaonekana ina majuto. Halafu akaona taulo inadondosha damu.

Wakaniketisha kwenye chumba kidogo cha kushonea. Daktari Hvass akaja na wanafunzi wake wawili. Akafunua, akanipima vidole kama vinakunjika, akasema mshipa wa maana haukuguswa, ngozi tu. Akamwambia Malthe anawe.

Nikakataa. Mbele ya Daktari Hvass! Nikasema anishone Tyra, la sivyo naenda zangu nikidondosha damu hivi hivi mpaka nyumbani. Akasema kwa kawaida mtu hashoni jamaa yake. Nikasema kwa kawaida keki haihesabishi watu shashi.

Jytte akageukia ukutani, mabega yanatikisika.

Daktari akamtazama Tyra, kwa yale macho yake. Unaweza?

Nikajiambia, Torkild, hapa usimsaidie. Jambo gumu kuliko yote niliyowahi kufanya, na nimeshawahi kumwinua fahali. Halafu ikatoka sauti ambayo sijawahi kuisikia kwetu: "Naweza. Mjomba, weka mkono hapa. Usisogee. Na usisimulie kitu."

Sikusimulia kitu.

Vidole vile ndivyo vilivyokuwa vikikamata kidole changu kimoja tulipokuwa tunavuka barabara kwenda kulisha bata wa ziwani. Leo havikutetemeka. Daktari alisimama nyuma yake, mikono kaikunja, hakugusa. Malthe alibaki upande wangu wa pili. Uzi wa mwisho ulipofungwa Daktari akainama, akaangalia, akasema: "Safi." Baadaye kidogo akaongeza kwamba Jumatatu kuna ngiri na atahitaji mtu.

Jytte akanong'ona kwamba kwa Hvass hiyo ni hotuba ya harusi.

Zamu imepita. Tyra hakufunga mzigo wowote. Kanifungia mkono tu, kisha akaweka paji lake begani pangu kidogo, kama anapumzisha kichwa.

Jumapili, 10 Novemba

Mkesha wa Mtakatifu Martin, sikukuu yetu ya kula bata. Bata nyumbani kwa Birthe, tumbo lake limejazwa matofaa na zabibu kavu. Tyra ndiye aliyemshona huyo bata, mishono midogo, imenyooka. Birthe alikataa kuikata mpaka majirani wapite kuiona.

Nimewaeleza mezani nilivyoutoa mkono wangu sadaka kwa ajili ya elimu. Watu walisikiliza sana. Nilipoeleza mara ya tatu, bati lilikuwa limeshakuwa jambia. Tyra hakunisahihisha. Aliniletea paja la bata, akanikatia vipande kwa kuwa mkono umefungwa, akaniambia nile kabla halijapoa.

Mwezi ujao anahamia wodi ya watoto. Kasema wazi: "Mjomba, safari hii hapana." Nimemuelewa kabisa. Watoto hawahitaji vitu vya kula. Nimeshazungumza na bwana mmoja wa Skive mwenye farasi mdogo, mpole, wa rangi ya maziwa. Lifti ya hospitali nimeipima kwa hatua, anaingia. Tyra hajui. Atafurahi kweli!

Jambo moja dogo, kwa ajili ya ukweli tu. Pale mezani nilisema kwamba wakati nashonwa nilikuwa napiga mluzi. Sikupiga. Nilikuwa nimefumba macho na kuukamata mkono wa Malthe kwa nguvu zangu zote, na bandeji ilipokwisha kufungwa, ni yeye aliyeniuliza, kwa adabu sana, kama sasa naweza kumwachia.