Mwethya wa Mtandao

Jumatatu, 22 Juni

Balaa! Soko zima la Kwa Vonza linasema serikali itazima mtandao Alhamisi kwa sababu ya maandamano. Na Alhamisi ndiyo siku ambayo Ndunge, aliyeko mji wa Wote, ameahidi kunijibu kama atakubali nimuoe. Kwa nini siku hiyo hiyo? Lakini nina dawa. Nimeona video: simu zinarushiana ujumbe, moja hadi nyingine, bila serikali. Sikuelewa yote. Nilielewa ya kutosha.

Jumanne, 23 Juni

Nimejaribu. Salamu zilifika kwa kinyozi, mlango wa pili. Wote ni mbali kidogo zaidi. Nahitaji watu wenye simu, boma hadi boma. Kitheka mwenye saiba, lile duka la intaneti, ambaye pia anammezea mate Ndunge, aliniuliza kama mbuzi nao watashika simu. Wivu tu! Nimemwomba Mama Syombua, shangazi ya Ndunge, aitishe mwethya wa mtandao, kijiji kizima tusaidiane kazi kama zamani.

Jumatano, 24 Juni

Ai! Mwethya ni mwethya: wamekuja na majembe. Kabla sijamaliza kueleza, wimbo umeanza na mtaro umefika barabarani. Mama Syombua akauliza, kwani mtandao haupiti chini? Nikashika jembe. Nimekata mzizi mweusi, mgumu ajabu, wenye nyuzi za kioo ndani. Sijui ni mti gani. Papo hapo simu zote zikakosa mtandao. Serikali! Siku moja kabla! Wametuogopa.

Alhamisi, 25 Juni

Kimya. Kitheka anazunguka sokoni na kipande cha ule mzizi akinitukana. Simwelewi. Ndunge atadhani nimemzimia simu makusudi. Roho inaniuma, kweli.

Ijumaa, 26 Juni

Mama Syombua amekuja na jibu! Ndunge alimwambia muuza ndengu sokoni Wote, naye akamwambia mwenzake wa mwethya, wakapokezana boma hadi boma mpaka hapa. Amekubali! Mradi niachane na mambo ya mitandao, na nimjibu kabla ya kesho jioni, la sivyo atamsikiliza Kitheka.

Mama Syombua alisimama mlangoni akingoja jibu alipeleke. Nikamwambia asijisumbue, mama yangu, maneno ya mdomo hupotea njiani.

Nimelituma kwa mtandao wangu. Limeshafika kwa kinyozi.