Fumbo la 41 Halina Jibu

Kwa Mbunifu wa Mafumbo (ambaye pia ni binti yangu wa kwanza),

Jumapili iliyopita, saa tisa alasiri, sebuleni kwangu, nilipoteza heshima niliyoijenga kwa miaka ishirini na sita ya kuweka vigae. Ulinipa simu nijaribu fumbo lako la 41: vipande vinne vijaze mraba mmoja, pasibaki pengo. Nikatamba mbele ya watu kwamba hiyo unayofanya si kazi, ni mchezo, na nitalimaliza kabla chai haijapoa. Chai ilipoa. Ukaondoka bila kuaga vizuri. Kwa hiyo nalalamika rasmi:

1. Fumbo lako halina jibu. Vipande vinne, kila kimoja mikao minne: nne mara nne mara nne mara nne, jumla mikao 256. Nimeijaribu yote, nikiweka alama ukutani kwa penseli. Mama yako anadai ukuta wake.

2. Kwa kuwa simu huenda inadanganya, nilikata vipande hivyo kwa vigae halisi. Vimeharibika kumi na moja, vyote vya bafu la mteja. Ameuliza mbona bafu limesimama. Nimemjibu kuna tatizo la kitaalamu.

3. Mjomba wako ameniambia siri yenu: mnaanza na jibu! Mnachora mraba mzima, mnaukata, kisha mnavuruga vipande. Mimi huanza na chumba kilichopinda, na hakuna anayeninyooshea kwanza.

4. Hivyo ulifute fumbo hilo, uwaombe radhi wachezaji wote, na ukiri kwamba kazi ya kweli hufanywa mtu akiwa amepiga magoti.

Wasalimie wenzako wote ofisini, hata yule aliyepaka vipande rangi. Rangi haina kosa.

Wako mwenye sugu magotini,
Baba, Fundi Vigae

N.B. Kabla sijafunga bahasha, mama yako amepita na ufagio, akaokota kipande kimoja cha kigae sakafuni, akakirudisha kwenye mraba kifudifudi. Kimeingia. Pengo hakuna. "Kumbe siku zote hizi hukukigeuza, mzee?" Mwanangu, kigae kina uso na mgongo, tangu nianze kazi sijawahi kulaza kigae uso chini. Kumbe kila kipande kina mikao minane, si minne: jumla si 256, ni 4,096. Hiyo unayofanya ni kazi, tena ngumu, na nilikukosea. Je, Jumapili utakuja na fumbo la 42? Nataka neno moja tu, ndiyo au hapana, kabla ya Ijumaa saa sita mchana.