Rozari Inayong'aa

Jumatatu, 9 Oktoba 2000. Mususa, Butembo.

Ujumbe umefika kutoka Luofu, umeletwa na muuza viazi. Mama mkwe Emérence anakuja Jumamosi. Anataka kuona kama rozari ya marehemu mke wangu Kyakimwa inasaliwa. Kama inaning'inia tu ukutani, ataibeba ampe binti yake mwingine.

Nilimwahidi Kyakimwa akiwa kitandani: kila jioni, mafungu yote matano ya rozari. Ilikuwa wiki ya Pasaka. Tangu hapo nimesali vizuri sana mara moja. Siku ya mazishi.

Vitenge vyake dada zake waligawana. Rozari hiyo ya mti ndiyo pekee iliyobaki na harufu yake, moshi na majani ya vitunguu alivyouza sokoni. Haiendi Luofu! Kuanzia leo nasali.

Jumanne, 10 Oktoba.

Jana sikusali. Nilipiga magoti nikaegemea kitanda. Kosa! Fundi aliyepiga randa tangu asubuhi haegemei kitanda. Niliamka na alama za blanketi shavuni, nikiwa bado kwenye Salamu Maria ya pili.

Jirani yangu Zorobabel ndiye rais wa shirika letu, yaani nyumba za Wakatoliki wa hapa tunaosali pamoja. Yule husali kama mtu anayenadi mbuzi. Leo aliniuliza kwa upole kama mimi sisali. Nikamjibu kwamba nasali moyoni. Akasema basi moyo wangu unakoroma.

Jumatano, 11 Oktoba.

Akili! Jioni redio hutoa rozari. Niliiweka dirishani, sauti juu kabisa, nikakaa kula bugali. Mtaa mzima usikie nyumba ya Maliro inasali!

Fungu la tatu, betri zikachoka. Sauti ikawa nzito. Ikawa ya mzee. Ikawa ya mtu anayekata roho katikati ya "utuombee". Zorobabel akaingia mbio na maji ya baraka, mke wake nyuma, akilia kwamba Baba Maliro anakufa, jameni, anakufa. Wakanikuta na tonge mdomoni.

Nikawakaribisha chakula.

Alhamisi, 12 Oktoba.

Jua likizama, risasi upande wa kizuizi cha askari. Niliingia chini ya kitanda na kusali. Kweli nilisali! Ila sala moja tu ilikubali kuja: Ubariki, ee Bwana, chakula hiki. Nikairudia mpaka kukatulia.

Zamani, risasi zikilia, Kyakimwa alinishika kidole gumba. Si mkono, kidole gumba tu, midomo yake ikitembea. Leo nilikishika mwenyewe. Si sawa.

Ijumaa, 13 Oktoba.

Kesho anafika. Na nimegundua jambo: rozari inayosaliwa hung'aa. Ya Emérence inang'aa kama kishikio cha randa yangu. Hii imejaa vumbi, itanishtaki yenyewe.

Lakini mimi si fundi seremala? Msasa laini, ushanga baada ya ushanga. Mmoja ulikuwa na kasoro, umebonyea pande mbili. Huo niliusawazisha kwa bidii zaidi. Kisha mafuta ya mawese kidogo. Inang'aa! Sala za miaka kumi kwa mchana mmoja!

Jumamosi, 14 Oktoba.

Emérence alishuka kutoka juu ya lori la viazi, matope mpaka magotini. Alikataa kiti. Alitaka rozari.

Aliinusa kwanza. Akaniuliza, tangu lini sala inanuka mawese kama sufuria ya sombe?

Kisha akafumba macho, akapitisha shanga vidoleni, mzunguko mzima, halafu tena. Alikuwa anatafuta. Akauliza ushanga wa jino uko wapi.

Sikujua. Akanieleza. Kyakimwa akiwa mtoto alisinzia kila jioni kwenye rozari, na yeye mama yake alimwambia aume ushanga usingizi ukija. Akauma uleule, mpaka akaolewa nao. Huyo alikuwa mulalaji kukushinda wewe, mukwe, akasema.

Nikamwambia yote. Usingizi, redio, msasa. Hakunifokea. Afadhali angenifokea. Nikanusa rozari. Mawese tu.

Akasema kuibeba hakukusudia hata siku moja. Alituma maneno yale ili yanisukume kusali. Akanirudishia mkononi, wana-shirika wakiwa wameshaingia kwa ajili ya sala ya jioni, na kuniambia niongoze.

Nikaongoza. Nikaanza: Ubariki, ee Bwana, chakula hiki.

Zorobabel akaitikia Amina, kwa sauti kubwa kabisa. Hakuna aliyecheka. Emérence akanishika kidole gumba. Tukaanza upya, mpaka mwisho. Sikusinzia.

Jumapili, 15 Oktoba.

Emérence amerudi Luofu baada ya misa. Aliniambia nisali tu, hata nikisinzia. Marehemu naye alisinzia, na Mungu hakumfukuza. Atakuja tena Noeli.

Nimefikiri sana maneno yake. Yamenigusa. Akija Noeli lazima aukute ushanga wa jino.

Nimechagua ule ninaodhani ndio. Nimeuuma. Mti ni mgumu, jino langu ndilo limepata alama. Shavu limevimba, siwezi kutamka Salamu Maria.

Kesho nitatumia patasi, ile ndogo. Halafu nitasali.