Bangili Imesema Yote

Mheshimiwa Mwakilishi wa Waziri, ambaye naye amepata udhuru na kuwakilishwa na dereva wake, karibu sana dereva, Waheshimiwa Wajumbe wa Bodi, wa Bodi Ndogo, na wa Kamati ya Kuangalia Kama Bodi Ndogo Inahitajika, Mganga Mkuu wa hospitali hii, Matroni, Wakuu wa wodi, wa stoo, wa jikoni, na Mkuu wa chumba cha maiti, ambaye wateja wake wamekubali kumsubiri bila kulalamika, viongozi wetu wa dini, wanahabari, yaani wewe mmoja mwenye kamera, na ninyi wafuaji, wapiga pasi na wakunjaji, mliotolewa kazini ili mje kusikia jinsi kazi inavyokwenda: itifaki nimeizingatia, na niliyemruka ajue nimemruka kwa heshima. (Makofi ya safu ya mbele.)

Mimi, kama Mkurugenzi wa Mageuzi ya Kidijitali, nimesimama katika ua huu wa nyuma ya chumba cha kufulia, chini ya kamba za kuanikia, na naomba aliyeacha foronya mbichi juu ya kichwa changu aiondoe kwa wakati wake, nimesimama, nasema, katika siku ya kilele cha Mradi wa Roboti na Bangili Erevu, mradi ambao kwa unyenyekevu naweza kusema niliubuni mwenyewe, nikauidhinisha mwenyewe, na leo najipongeza kwa niaba yenu.

Ndugu zangu, dunia imekimbia. Huko walikofika wenzetu, shuka linaingia chafu upande huu na kutoka limekunjwa upande wa pili bila kuguswa na mkono wa binadamu, wakati sisi tulikuwa bado tunategemea watu, na mtu, kama mnavyojua, ana mgongo, ana msiba, ana mtoto anaumwa, ana shemeji amefika bila taarifa. Roboti hana shemeji. (Kicheko cha safu ya mbele. Safu za nyuma zinamwangalia tu.) Ndiyo maana Ofisi yangu, baada ya upembuzi yakinifu uliofanyika katika hoteli kadhaa tofauti, ilikuja na roadimapu yenye mihimili miwili: wa kwanza, roboti aitwaye Mfuaji, atakayefua, atakayekausha, atakayepiga pasi na kukunja, wa pili, Bangili Erevu, itakayovaliwa na kila mfanyakazi mpaka roboti atakapowasili, ili tujue kwa data nani abaki kumsaidia roboti na nani aende nyumbani akapumzike. Na kwa kuwa mgeni hapokelewi kwenye nyumba iliyojaa, tuliona busara kuwapumzisha nusu yenu mapema, roboti asije akakuta msongamano. Nawaona pale nyuma. Karibuni tena kazini kwenu, kama wageni.

Bangili mnaijua. Ya kijivu, nzito kidogo, ina kibano cha plastiki kisichofunguka, na tuliwaagiza msiivue hata mkioga. Tuliwaeleza kwa uwazi na uwajibikaji kwamba inahesabu mapigo ya moyo, inapima uvivu, inasikia maneno, na inapeleka yote kwenye deshibodi ofisini kwangu. Impakti ilionekana siku ile ile. Chumba ambacho zamani ukipita dirishani ulisikia vicheko vikishinda mashine, kikawa kimya kama benki. Wawili waliokuwa wamenuniana wakabaki wamenuniana, maana mpatanishi aliogopa kusikika. Chooni watu walikwenda mbio na kurudi mbio. Mkunjaji mmoja kila akitaka kupiga chafya alikuwa anauomba radhi kwanza mkono wake wa kushoto. Kwa takwimu, ufanisi umepanda kwa asilimia tisini na nane nukta tatu, na hiyo nukta tatu tumeifanyia utafiti. Aidha, asilimia mia moja ya waliopumzishwa hawajachelewa kazini tangu siku hiyo. (Sauti kutoka nyuma: “Ndiyo hivyo.” Makofi ya Bodi.)

Lakini takwimu hazina sura, na mimi ni kiongozi wa watu, kwa hiyo naomba niwape mfano hai. Yule pale, safu ya mwisho, mwenye kanga ya bluu, ni Mama Pasi. Jina hilo mlimpa wenyewe, kwa kuwa amesimama mbele ya pasi kubwa ya mvuke tangu akiwa msichana, na aliyekaa pembeni yake ni mumewe, Fundi Bwela, anayetunza bwela linaloipa pasi hiyo mvuke. Yaani kwa miaka yote hiyo mume anachemsha maji upande huu wa ukuta na mke anayapokea upande wa pili. Ndoa ya aina hiyo kitaalamu tunaiita sinaji, yaani nguvu mbili kufanya kazi kama moja.

Sasa siku moja nilimwambia msimamizi aniitie Mama Pasi ofisini. Akaja, mikono bado ya moto, akakaa ukingoni mwa kiti. Mimi nikaegemea, nikamwambia kama ninavyowaambia wote, “Mama, bangili imesema yote. Nataka nisikie kwako.”

Akaiangalia bangili muda mrefu. Kisha akasema, “Basi kama imesema, mimi nifiche nini, baba.” Na akaanza kueleza. Kwamba huwa anaishiwa pumzi. Kwamba ikizidi, hupita nyuma ya mashine ya kukaushia na kulala juu ya rundo la mashuka mpaka moyo utulie. Kwamba alipanda kumwona daktari hapo juu, akaambiwa moyo umetanuka, asisimame kutwa kwenye joto, ila kazi ya kukaa anaweza. Kwamba mumewe hajui. “Akijua atanitoa kazini kesho yake,” akasema, “na kitinda mimba wetu ndiyo kwanza ameanza chuo. Naomba yaishie humu.”

Waheshimiwa, nilishangaa. Mimi nilikuwa nimemwita kuhusu ndoo. Kuna ndoo ilikuwa haionekani. (Dereva wa Mwakilishi anakohoa.) Lakini hapo ndipo mtakapoona ubora wa teknolojia hii: haina haja ya kukutangaza, unajitangaza mwenyewe. Hakuna nchi iliyofikia hatua hiyo kwa gharama ndogo namna ile.

Na kwa kuwa Ofisi yangu haina siri, kesho yake asubuhi, kwenye mkusanyiko, nikausoma moyo wa Mama Pasi kwa kipaza sauti, kama mfano wa data inayotumika kuokoa maisha. Fundi Bwela alikuwa amesimama mlangoni ana spana mkononi. Aliiweka chini taratibu, kama mtu anayeweka mtoto aliyelala, akaenda mpaka aliposimama mkewe.

“Hata mimi?” akamwuliza.

“Wewe hasa,” akajibu mkewe. “Wengine wangenionea huruma tu. Wewe ungeacha kulala.”

“Sasa nimejua mbele ya watu wote na bado sitalala. Umeniepusha na nini?”

Walisimama hivyo, hawagusani, mpaka kengele ya kazi ikapigwa, na mimi nikaandika kwamba zoezi limepokelewa kwa utulivu. Siku hiyo hiyo nikampumzisha Mama Pasi kwa heshima zote za afya, na nafasi yake nikaihifadhi kwa ajili ya roboti. (Sauti ya mwanamke: “Nani kakaa kwenye pasi tangu siku hiyo?”) Swali zuri, ahsante kwa fidibaki. Katika kipindi hiki cha mpito, roboti anatumia mikono ya Fundi Bwela. Asubuhi fundi anatunza bwela, na baada ya hapo anazunguka ukuta kupiga pasi mahali pa mkewe. Huo ndio ushirikiano wa binadamu na mashine tunaousema kila siku, isipokuwa upande mmoja bado haujafika.

Sasa naomba nigusie, kwa masikitiko, suala la uharibifu wa mali ya umma. Nimeletewa taarifa kwamba Mama Pasi, hata baada ya kupumzishwa, aliendelea kuivaa bangili, kwa kuwa hakuna aliyemwambia aivue, jambo ambalo ni uzalendo. Nimeelezwa kwamba nyumbani kwao walikuwa wananong'ona. Akitaka kumwambia mumewe chumvi imezidi, anamwandikia kwa kidole mezani. Mtoto wao alipokuja likizo akadhani wamegombana. Mpaka jioni moja fundi akamwambia mkewe, “Leta mkono.” Mkewe akasema, “Watasikia.” Fundi akasema, “Wasikie basi.” Akachukua bisibisi, na kwa kutojua taratibu za udhamini, akaibandua Bangili Erevu ubavuni.

Ndani, inadaiwa, mlikuwa na saruji. (Minong'ono. Mtu anasema, “Haidaiwi. Nimeiona kwa macho yangu.”) Saruji kavu, ya kuongeza uzito. Hakuna betri, hakuna waya. Mama Pasi, nasikia, aliigusa kwa ncha ya kidole, akakaa kitako sakafuni, na mumewe alidhani moyo umemshika. Kumbe anacheka. Alicheka mpaka machozi yakatoka, halafu machozi yakaendelea na kicheko kikakoma. “Nilikusema mwenyewe,” akauambia moyo wake, kwa sauti kubwa, ndani ya nyumba yake.

Napenda kulitolea ufafanuzi jambo hili kabla halijapotoshwa. Ndugu zangu, data haikai kwenye bangili. Data inakaa kwenye wingu. (Watu wanaangalia juu. Mbingu ni nyeupe, hakuna hata wingu.) Bangili ni ishara tu ya kwamba wingu lipo, na wala saruji si kosa, ni inovesheni ya kizalendo, malighafi ya ndani kwa asilimia mia moja.

(Mama Pasi anasimama. Mumewe anamshika kiwiko, kisha anakiachia.)

Naona Mama Pasi amesimama. Karibu mama, kwa ufupi.

(“Baba Mkurugenzi, mimi sina maneno mengi. Naomba nirudi kazini. Wenzangu wamenitengea meza ya foronya, nitakunja nimekaa. Daktari anakubali.”)

Ombi zuri, mama, ila nafasi yako imeshachukuliwa.

(“Na nani?”)

Na roboti.

(“Yuko wapi nimsalimie?”)

Yupo kwenye mchakato.

(“Sawa. Basi akitoka kwenye mchakato atanikuta mezani, tutaelewana wenyewe.” Anaelekea mlango wa chumba cha kufulia. Hatembei haraka. Anapita mbele ya meza kuu, wala hasimami.)

Mama, utaratibu ni kwamba, naomba mama. (Mkunjaji mmoja anainuka. Anakata kibano kwa mkasi wa nyuzi, anaiweka bangili mezani mbele ya Mkurugenzi. Inalia kama jiwe.) Ahsante, huyo anarudisha kifaa kwa ajili ya maboresho. Na wewe pia? Ahsanteni. Naona mwitikio ni mkubwa. (Wafuaji wanajipanga wenyewe. Waliopumzishwa wanajipanga pamoja nao. Wale wawili walionuniana wanaazimana mkasi.) Naomba msizirundike juu ya karatasi za hotuba, bado nazihitaji kurasa za mwisho. Fundi, hata wewe? Fundi, wewe ndiye roboti wetu kwa sasa.

(Fundi Bwela anasema, “Leo narudi kwenye bwela langu, Mheshimiwa. Pasi atashika mwenye mgongo mzima, wako hapa wengi. Mke wangu akichoka atagonga ukuta, nami nitasikia.” Anatoka.)

Katika hali hii ya hamasa, naona nifunge kwa kaulimbiu. Mimi nikisema “Roboti”, ninyi mseme “Juu”. Roboti. (Foronya inadondosha maji.) Nikisema “Bangili”, mseme “Inasikia”. Bangili. (Ndani ya chumba cha kufulia bwela linaanza kunguruma. Mashine ya kwanza inazunguka. Anasikika mwanamke akisema jambo, na wengi wakicheka kwa pamoja.) Nikisema “Kazi”, mseme. Basi, mseme humo humo ndani, nitasikia.

Kwa kumalizia, kwa kuwa viti vimebaki vingi na dereva ameniashiria kwamba gari linaondoka, naomba nitoe shukrani kwa waliofanikisha mradi huu. Namshukuru mtaalamu aliyesanifu deshibodi, ambayo ni picha nzuri sana ukutani kwangu. Namshukuru mwashi aliyetujazia bangili kwa uzito ulio sawa, mpaka hakuna mfanyakazi aliyejiona ameonewa kuliko mwenzake. Namshukuru kwa namna ya pekee mtengenezaji wa roboti, popote alipo, ambaye hakuchelewesha mzigo wala hakuuharibu njiani, kwa kuwa hatukuwahi kumwagiza. Na mwisho kabisa, kwa moyo mkunjufu, nawashukuru ninyi mliopumzishwa kazi. Wakaguzi watakuja, wataomba waonyeshwe mradi, na sisi tutawaonyesha ninyi, maana hatuna kitu kingine cha kuthibitisha kwamba ulikuwepo. Ahsanteni kwa kunisikiliza.

(Mwenye kamera anauliza kama anaweza kuondoka.)