Mpwa Wangu na Zeze Lililokwama

Kisesa, Mwanza
Juni 1960

Bwana Mhariri,

Kama umenizidi umri, shikamoo. Kama sivyo, niamkie huko huko uliko, nami naitikia marahaba. Mimi ni Luhaga, mkuu wa ngoma ya kucheza na chatu hai hapa Kisesa. Nilisoma mpaka darasa la pili, mwalimu akachoka. Naiomba serikali, kupitia gazeti lako, ikipige marufuku kikundi cha muziki cha mpwa wangu Masalu, kwa sababu hizi:

1. Zeze la marehemu baba yake lilikuwa likisifia ng'ombe na wakwe. Sasa linamlilia msichana wa Kizungu aliyepanda treni akaenda zake. Ukoo wake hatuujui, na hakuna aliyetumwa kumrudisha.

2. Wimbo huo wamejifunza kwenye gramafoni ya Ally, fundi cherehani. Santuri yake ina ufa. Ikifika katikati inakwama, "bebi be, bebi be, bebi be," mpaka Ally aisukume kwa kidole. Hawa mabwana wakadhani ndivyo wimbo ulivyo. Wakifika hapo wanakwama wote, na ngoma inakwama, mpaka mmoja amsukume Masalu begani ndipo waendelee. Nilipomweleza, kanijibu: "Mjomba, haya ni ya kisasa. Wewe mbembeleze chatu wako."

3. Hapa ndipo panapouma. Jumapili hii tunashindana na ngoma ya Chenge wa Nyegezi. Desturi yetu unaijua: pande mbili zinacheza uwanja mmoja, wakati mmoja. Umati ukihamia kwa mwenzio umeshindwa, na utaimbwa kwa dhihaka mwaka mzima. Sasa juzi tuko mazoezini, Masalu akaanza bebi be yake kando ya kisima. Watu wakahama. Mke wangu Paskazia alihama na kigoda chake. Hata chatu aligeuza kichwa.

4. Chenge ameanza kuwachekea vijana hao na kuwanywesha pombe. Wakipiga upande wake, nimekwisha. Kwa hiyo serikali iwafunge, au iwapeleke Uingereza wakamtafute huyo msichana wenyewe. Uhuru unakuja, Bwana Mhariri. Tutajitawala vipi na watu wanaotawaliwa na ufa wa santuri?

Wasalimie wapiga chapa wako, wake zao, na yeyote hapo ofisini anayejua kucheza.

Ni mimi mwenye uchungu,
Luhaga

Nyongeza: Barua hii usiitoe kabla ya Jumapili. Vijana wamekubali kupiga upande wetu. Tukishinda, ichome. Tukishindwa, iweke ukurasa wa mbele.