Kofia ya Bisimwa mbele ya Bendera

Nabintu, Faida, leo nimepata haya ya kunitosha mpaka mwaka kesho. Ninawaandikia sasa hivi, kabla sijakula, maana nikingoja nitaanza kujitetea na kisa kitapoteza utamu. Ninajua barua hii mutaisoma kwa sauti mbele ya walimu wenzenu wote wa huko Shabunda. Someni tu. Lakini mufunge mulango kwanza, kwa sababu Bisimwa yuko huko kwenu, na mambo yote yameanza na yeye.

Bisimwa munamujua, yule mushonaji wa Kadutu. Ndiye anacheza mwizi ndani ya filimu ya kaka yangu Cirhuza. Alipanda ndege kuleta uniforme za watoto wa shule huko kwenu. Siku mbili tu, akasema. Leo ni siku ya tisa. Mvua, ndege hairudi, mwizi hakuna.

Na leo ndiyo ilikuwa siku ya mwisho. Kamera ya Cirhuza ni ile ya zamani aliyoachiwa na mwalimu mumoja Mubeleji. Sauti haikamati. Kaseti moja inakula dakika tatu na kidogo, kisha basi. Ilibaki kaseti moja katika Bukavu nzima. Padri mwenye kutubebea makaseti yaende kuoshwa Ulaya anaondoka kesho asubuhi, na msafiri mwingine tunayemujua labda kisha Noeli. Kazi ya miezi sita, wapenzi, na imebaki tu ile sehemu mwizi anakimbia na valizi, sanduku ya muchuuzi wa zahabu wa Luhwindja, anaanguka, anakamatwa.

Saa sita Cirhuza akanikuta kwenye dirisha ya biro, pale ninafanya kazi.

"Nsimire, wewe na Bisimwa munalingana urefu."

"Bisimwa ni mwanaume."

"Tunamuona mugongo tu. Mugongo haina mwanaume wala mwanamuke."

Mutu mwenye akili angekataa. Mwanamuke kuvaa patalo, suruali ya mwanaume, munajua sheria yetu ya authenticité, ya kurudia desturi zetu, inakataza, na polisi hawana mchezo nayo. Lakini mie munanijua. Kitu nisichokijua kinaniwasha. Miezi sita niliandika hadithi ya ile filimu, nikaipiga na mashine ya biro (saa ya mapumziko, karatasi ya biro, munifunikie), na kila siku nilikuwa ninajiuliza: mutu anasikia namna gani ndani ya mwili wakati ile jicho ya kioo inamuangalia? Anajiona? Anajisahau? Hakuna aliyeweza kunielezea. Bisimwa niliwahi kumuuliza, akajibu: "Ninasikia jasho."

Nikaenda kwa chef kuomba ruhusa. Chef wetu tunamuita Papa Règle, kwa sababu asubuhi anasimama mulangoni na rula ya mbao akipima pagne, vitenge vya sisi madaktilo wa kupiga mashine, kama zinafika pale zinapaswa kufika. Mutu wa nidhamu, wa Parti, chama cha taifa, mpaka kwenye soksi.

"Chef, jino."

"Ya wapi?"

"Ya huku." Nikashika shavu ya kushoto. (Mukumbuke: kushoto.)

Akaniangalia na huruma kabisa. "Pole, citoyenne. Enda kwa dentiste. Jino si kitu ya kuchezea." Akanifungulia mulango yeye mwenyewe. Hiyo ndiyo iliniuma kuliko jino lolote.

Kwa Cirhuza wakanivalisha. Patalo ya Bisimwa, koti ya Bisimwa, viatu vya Bisimwa vyenye kujazwa karatasi kwenye vidole. Mustache wakanichora na masizi ya chungu. Shida ikawa nywele. Siku ya Mungu nilikuwa nimesukwa na nyuzi, zile vijiti ndefu zenye kusimama, kumi na sita, na mwizi wetu tangu mwanzo wa filimu havui kofia. Tukazikunja moja moja, tukasukuma kofia juu yake. Nilisikia kichwa yote inanipinga.

Mvua ikanyesha mpaka jioni. Ile ya Bukavu, munaijua, inaacha kidogo ili utoke inje. Tulikaa chini ya bati la duka, mie na mustache yangu, mama wauzaji wananisalimia "Papa". Nikaitika na sauti nzito. (Nilifurahi, siwezi kuficha.) Kisha jua likatoka chini ya mawingu, upande wa Kabare, barabara yote ikawa ya dhahabu, na Cirhuza akaanza kulia kama mutu ameona maono: "Sasa! Sasa!"

Tukashuka mbio mpaka kwenye ule mteremuko tuliouchagua zamani, wenye ukuta mweupe. Ukuta ule ni wa poste ya polisi. Mbele ya poste iko mlingoti. Juu ya mlingoti iko bendera. Tulipouchagua ilikuwa saa nne ya asubuhi, na saa nne bendera haisumbui mutu. Leo, kati yetu sisi wote, na wote tumesoma, hakuna aliyetazama saa.

Cirhuza akasimamisha kamera kwenye miguu yake mitatu. Muelewe tena kitu kimoja, batani ya ile kamera ilikufa. Ukiifinya inarudi. Kwa hiyo anaifunga na kipande cha chambre à air, mpira wa ndani wa baiskeli, na kamera inakwenda yenyewe mpaka aje aifungue na mikono yake. Akafunga. Ikaanza kunguruma. Akainua mkono.

Nikakimbia.

Nabintu, niwaambie kweli, ni tamu. Nyuma yangu vijana wane wa korali ya parokia wanapiga kelele "Mwizi!", valizi inanigonga goti, watu wa barabara wanageuka, na mie ninasikia ile jicho kwenye mugongo wangu sawa moto wa jiko. Unajua kila kidole chako iko wapi. Nilikuwa nimepata jibu langu. Nilikuwa hata nafikiri namna ya kuwaandikia ninyi.

Firimbi ya kushusha bendera ikalia.

Vile mujuavyo, ikilia hakuna kusogea mpaka bendera ifike chini; Bukavu yote ikakauka. Baiskeli ziliwekwa mguu chini. Camionnette ikazima. Mama mwenye mukungu wa ndizi kichwani akasimama. Wale wane wa korali wakasimama nyuma yangu, mumoja na mkono wake karibu na kola yangu. Na mie nikasimama, mguu moja mbele, valizi mkononi. Kitu kimoja tu hakikusimama: kamera. Krrrrr. Cirhuza yuko wima pembeni yake, mikono kwenye mapaja, macho kwenye bendera, na kaseti ya mwisho ya Bukavu inaliwa mbele yake bila yeye kuweza kusogeza kidole.

Nikafikiri: si kitu, bendera inashuka haraka.

Kamba ikakwama.

Polisi akavuta. Bendera ikashuka nusu, ikakataa. Akavuta tena, na adabu, maana bendera haivutwi sawa mbuzi. Krrrrr. Ndipo polisi wa pili, mwenye kusimama karibu yangu, akasema kati ya meno bila kugeuza kichwa:

"Wewe. Kofia."

Wapenzi, munaelewa pale nilikuwa? Mwanaume anavua kofia mbele ya bendera. Nisipovua, nimedharau bendera. Nikivua, mimi ni mwanamuke ndani ya patalo mbele ya bendera ileile. Nikatafuta mlango wa tatu. Hakuna.

"Kofia," akarudilia.

Nikavua.

Zile nywele hazikutoka zote mara moja, hapana. Zilisimama moja moja. Tik. Tik. Nilizisikia. Kumi na sita, kila moja na wakati wake, na hakuna mutu aliyekuwa na ruhusa ya kucheka. Mama wa ndizi alianza kutetemeka, mukungu wote ukawa unatetemeka na yeye. Jasho ikashusha mustache yangu mpaka kwenye kidevu.

Nikaona bora niangalie mbele, mbali, kwa heshima. Na mbele, ng'ambo ya barabara, kwenye beseni la maman mwenye kukaanga sambaza, vile vidagaa vya ziwa, nikamuona Papa Règle.

Alikuwa amekamatwa na firimbi akiwa na sambaza kinywani. Si moja. Mashavu yote mawili yalijaa, mukia moja ulibaki inje kwenye kona ya mdomo, na mutu wa nidhamu kama yeye hawezi kutafuna bendera ikiwa njiani. Akaniangalia. Nikamuangalia. Macho yake ikashuka kwenye patalo, ikapanda kwenye mustache, ikapanda kwenye nywele, ikabaki hapo. Nikasali kamba iachie. Kisha nikasali isiachie kamwe.

Kwenye ile kimya tukasikia kamera: tak. Kaseti imeisha. Chozi moja ya Cirhuza ikashuka, na hata hiyo hakuipanguza.

Bendera ikafika chini. Firimbi ya pili. Barabara yote ikapasuka kwa kicheko, mpaka na wale wa korali, wenzangu wa kazi. Polisi akanishika mkono.

"Wewe ni mwanaume ao mwanamuke?"

"Ni filimu," Cirhuza akasema, akakimbia na otorizasio yake, barua ya ruhusa yenye mihuri mitano. Polisi akaisoma yote, polepole, na kidole. "Hapa wameandika kamera. Hawakuandika patalo."

Papa Règle akavuka barabara. Alikuwa angali anatafuna. Tulimungoja wote, na polisi pia, mpaka akameza.

"Huyu ni daktilo yangu," akasema. Kisha kwangu, na sauti ileile ya huruma ya mchana: "Citoyenne, jino inaendelea namna gani?"

Nikashika shavu. "Inauma bado, chef."

"Mchana ilikuwa upande wa kushoto."

Nikahamisha mkono. Sijui kwa nini. Mutu ameshaanguka kwenye matope, na bado anataka kupanguza kiatu.

Nilikuwa tayari kwa yote: poste, kufukuzwa kazi, baba kuitwa. Na kazi yangu, munajua, ndiyo inalipa shule ya wadogo zangu watatu. Papa Règle akapanguza mafuta ya sambaza kwenye vidole. Kisha akamuambia polisi: "Umuachilie. Ni mugonjwa. Amepata ruhusa yangu ya ugonjwa." Na kwangu: "Kesho saa moja na nusu, certificat ya dentiste juu ya meza yangu. Ikikosekana, usikae. Na uvae pagne."

Akaenda. Hatua kumi. Akarudi, akainama karibu na Cirhuza, sauti chini:

"Ile machine. Na mie ilinikamata?"

"Katikati kabisa, papa," Cirhuza akasema. Hajui kudanganya. "Jua lilikuwa linakuangaza."

"Na kinywa namna ile?"

"Namna ile."

Akafikiri. Akanyoosha kola ya abacost, koti yake ya Parti. "Itarudi lini kutoka Ulaya?"

"Miezi mitatu, papa. Ao mine."

"Mutaniita nije kuangalia," akasema. Niliona kwenye macho yake ugonjwa wangu mwenyewe: yeye pia anataka kujua.

Sasa Cirhuza amekwisha kupanguza machozi, na anasema haijaharibika kitu. Mwizi anasimama mbele ya bendera, anavua kofia, tunakuta ni mwanamuke, na mutu mukubwa anashangaa na kinywa kimejaa. Eti mwisho kama huo asingeupata hata akiutafuta mwaka muzima. Kaseti iko tayari ndani ya bahasha ya padri. Mie sasa lazima niandike tena kaye yote, daftari ya hadithi ya filimu, ili mwizi awe mwanamuke tangu mwanzo, na nyinyi mumuangalie Bisimwa asisikie kwamba miezi sita amecheza mwanamuke bila kujua.

Imebaki certificat. Nimetoka kwa masœur, wale masista wa dispensaire, sasa hivi, nikiwa nimenawa uso. Sœur wa meno amenikagua yote, na taa. Amesema meno yangu ni mazuri, hajaona mengine kama hayo juma hili. Na certificat yeye haandiki kwa meno mazuri. Anaandika kwa jino lililong'olewa.

Nimepewa saa kumi na mbili na nusu ya asubuhi, ya kung'olewa. Niko mbele ya kioo na kalamu mkononi, ninachagua jino gani liende. Kushoto, kwa kweli, kwa sababu Papa Règle anakumbuka. Kwa hiyo mukicheka huko Shabunda, mucheke polepole. Ninyi mungali na meno yenu yote.