Mnunuzi wa Pili

Jumatatu, 3 Machi

Nyumba imepatikana! Vyumba vitatu, jiko lenye dirisha, na ukuta ambao upande wake wa pili hakuna jirani anayekohoa. Mke wangu aliingia jikoni, akafungua bomba, akafunga, akafungua tena. Kisha akanishika mkono mbele za watu. Miaka yote tunaishi vyumba viwili vya kupanga, na mama mkwe analala nyuma ya pazia, kando ya cherehani yangu. Nikishona usiku, anaguna. Asipoguna, naogopa zaidi.

Tatizo ni muuzaji. Mwalimu mkuu mstaafu, mama wa miwani mizito. Bei yake tunaiweza. Tusichokiweza ni Jumamosi. Tusaini na kulipa malipo ya kwanza kabla ya Jumamosi saa sita mchana, la sivyo anampa mwingine. Wakili anataka wiki mbili kukagua hati. Fundi wa paa hajagusa hata ngazi. Jumamosi!

Mke akasema nirudi kwa Mwalimu, nimweleze kwa adabu kwamba tunahitaji muda, na nimwulize ana haraka ya nini. Maskini mke wangu, moyo wake safi mno. Biashara haiendeshwi kwa kuulizana maswali. Mimi ni fundi cherehani, kila siku nawaambia wateja waje Ijumaa. Najua tarehe ni maneno tu.

Jumanne, 4 Machi

Nimepata mpango. Shemeji, kaka yake mke wangu, atajifanya mnunuzi wa pili. Ataizunguka nyumba akiikandia kila kona: jiko giza, choo kiko mbali, rangi inatia huzuni. Mwalimu atavunjika moyo, ataona hakuna mwingine wa kumtegemea, atanibembeleza nichukue muda wote ninaoutaka. Kazi ndogo kama kushona kifungo.

Ila shemeji ni dereva wa lori la mchanga, na anavaa kama lori la mchanga. Mnunuzi lazima apendeze. Ukutani inaning'inia suti ya kijivu ya muuza dawa wa mtaa wetu, imekwisha, imepigwa pasi. Ya kwendea harusini Jumamosi. Anaifuata Ijumaa. Suti nzuri namna ile ikae bure? Imemkaa shemeji kuliko itakavyomkaa mwenyewe.

Mazoezi saa nzima. Nilimfundisha kukunja uso. Anakunja kama mtu mwenye kiungulia, lakini itatosha. Mke hajui lolote. Nyuma ya pazia mama mkwe kaguna mara mbili.

Jumatano, 5 Machi

Shemeji aliondoka asubuhi. Amerudi alasiri, ameshiba.

Nikamwuliza kama ameikandia nyumba. Akasema alijaribu. Alipofungua tu mdomo kulisema jiko, Mwalimu akamwita "baba" na kumvutia kiti. Sasa angeanzia wapi? Akasema jiko lina mwanga mzuri. Akasifu na choo. Halafu akapanda darini kumshushia mama wa watu sanduku, ndiyo maana suti nzima ina unga wa mbao mabegani. "Yule mama ana roho nzuri, shem," akaniambia. "Usimwonee."

Mimi ndiye ninayemwonea!

Jioni ikalia simu. Mwalimu. Kumetokea mnunuzi mwingine, bwana mmoja wa suti, mpole, ameipenda nyumba kupita kiasi. Kwa heshima bado ananipa mimi nafasi ya kwanza. Ila mwisho si Jumamosi tena. Ni Ijumaa, saa sita.

Nilitaka kumwambia kwamba huyo mnunuzi hayupo. Ningejuaje hayupo? Nikamshukuru. Nikakata simu. Nikapiga suti brashi mpaka mkono ukauma.

Alhamisi, 6 Machi

Nimekwenda kwa Mwalimu mwenyewe. Shikamoo mbili, kwa usalama. Nikamnong'oneza ajihadhari na wanaume wa suti, matapeli wamezidi siku hizi. Akanitazama juu ya miwani. Akasema ameongoza shule maisha yake yote, na mtu anayesema uongo anamjua kwa masikio. Masikio yangu yakawaka moto pale pale.

Basi nikamrudisha shemeji akajitoe. Akavaa tena suti, akaenda. Aliporudi hakukaa. Alisimama mlangoni anakuna kichwa. Hakujitoa. Amekuwa akifikiri. Ana akiba yake ya miaka ya kuendesha lori, mchumba wake naye anapenda madirisha. "Shem, kama nyinyi mtashindwa hiyo kesho, basi nitaichukua mimi. Bora ibaki kwenye ukoo."

Nilimtengeneza kwa mikono yangu! Nilimfungia hata tai!

Nimemtazama mke akikunja nguo leo. Anapima kwa macho wapi ataweka meza kule. Naogopa, nasema wazi. Sijamwambia.

Ijumaa, 7 Machi

Muuza dawa alifika asubuhi kuchukua suti. Kwa mara ya kwanza tangu nianze ushonaji, mteja kaja siku niliyomwambia na nguo imekwisha kweli. Ila nguo haipo. Iko kwa Mwalimu, na shemeji yumo ndani yake, anasubiri saa sita ifike tukishindwa.

Nikamwambia aje kesho. Akasema harusi ni kesho. Akapaza sauti. Mke akatoka jikoni kuuliza kuna nini. Nikafungua mdomo nieleze kuhusu pasi iliyoharibika, na hapo pazia likafunguka. Mama mkwe akaeleza yote. Mpango, mazoezi, hata akaigiza ule uso wa kiungulia. Mwanamke huyu hakulala hata siku moja!

Mke hakunigombeza. Akavaa viatu, akaondoka. Muuza dawa akakaa kwenye kiti changu cha kushonea, akaniangalia kwa saa mbili.

Mke alirudi na suti mkononi, na shemeji nyuma yake kajifunga shuka la Mwalimu. Amemwambia Mwalimu kila kitu. Mwalimu amecheka mpaka akavua miwani. Kisha mke akamwuliza lile swali la Jumatatu: haraka ya nini? Haraka hakuna. Anahamia kwa binti yake mwezi ujao. Ila katika maisha yake hajaona mwanafunzi aliyeleta kazi bila kutishiwa tarehe, akadhani na wanunuzi ni hivyo hivyo. "Si mngesema tu, mwanangu," akamwambia. Katupa wiki tatu. Shemeji naye kasema hagombanii nyumba na dada yake.

Kuna sharti moja. Mimi nisikanyage pale mpaka mkataba usainiwe.

Jumatano, 19 Machi

Wakili kasema hati ni safi. Fundi wa paa kapanda darini, akashuka na kipande cha boriti. Kimeliwa na mchwa, ukikibonyeza kinakuwa unga. Boriti mbili ziko hivyo, juu ya chumba atakacholala mama mkwe. Tungesaini kwa haraka ile, paa lingekuwa letu, na mama mkwe angekuwa chini yake. Mwalimu kaona haya, anazibadilisha kwa gharama yake.

Niliona aibu kubwa. Ilidumu mpaka chakula cha mchana. Halafu nikakumbuka: nani alimpeleka shemeji darini akarudi na unga wa mbao? Mimi! Ukaguzi wa kwanza niliufanya mimi! Nimemwambia mke. Kaendelea kula.

Ijumaa, 28 Machi

Wamesaini! Nyumba ni yetu, tunahamia Mwalimu akishaondoka. Kwenye mkataba kuna jina la mke peke yake. Ameniambia ni kwa usalama wa nyumba. Nimemwelewa: mtu wa mipango hafai kuonekana.

Mimi nimepewa kazi moja. Nimwambie mwenye nyumba wetu, kwa maneno ya kawaida, kwamba tunahama mwezi ujao. Mke amesisitiza: maneno ya kawaida. Lakini nikimwambia hivi hivi, si atataka kodi yake mpaka siku ya mwisho? Nikatumia akili. Nikamwambia vyumba vina kunguni, wengi, wa kutisha, ili atusihi tuondoke bure. Akasikitika sana. Akanishukuru kwa kumwambia mapema. Saa moja baadaye wakaja vijana wanne wa kupuliza dawa. Vitu vyote vikatolewa uani. Hatulali ndani kwa siku tatu.

Mke kampigia Mwalimu. Mwalimu kasema mke na mama yake waende wakalale kule leo hii, vyumba viko tele. Shemeji kaja na lori, kawapakia na mito yao. Nikauliza na mimi je. Mama mkwe, kutoka kiti cha mbele, akasema mimi nibaki nilinde vitu.

Ndio hivyo, nimekaa juu ya kabati, uani, na mali yote ya familia nimekabidhiwa mimi. Hawawezi kusema kwa mdomo, lakini sasa wananiamini.